Istilahi za Maradhi ya Moyo kwa Dereva: Uhakiki

Katika kazi ya kusanifu istilahi za tiba, mara nyingi tumetosheka endapo neno linakubalika masikioni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa mgonjwa anayeendesha gari, kigezo hicho hakitoshi. Istilahi njema ni ile inayomwezesha kutambua linalompata na kutenda lipasalo. Kwa kigezo hiki tutapima istilahi nne zihusuzo moyo unaopiga bila mpango, kama zinavyotumiwa katika vijitabu vya ushauri na tafsiri za kanuni za udereva.

Ya kwanza ni "mshtuko wa moyo". Magazetini na redioni hutumika kwa maana ya kuziba kwa mshipa unaolisha msuli wa moyo. Katika mazungumzo ya kila siku, kushtuka moyo ni kuingiwa na hofu ya ghafla. Wapo pia wanaoutaja mshtuko kwa maana ya mapigo kwenda ovyo. Mambo haya matatu hayana tiba moja. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, kwa mwendo ulio sawa. Mwendo huo ukivurugika, hitilafu imo katika umeme unaouongoza moyo, wala si lazima mshipa uwe umeziba. Dereva akiambiwa "mshtuko" aweza kudhani ni woga wa barabarani, akaendelea na safari.

Ya pili ni "mapigo yasiyo ya kawaida". Kisarufi haina kosa, ila ni pana mno. Mapigo ya mtu aliyepanda ngazi mbio yamezidi kawaida yake, na bado yu mzima. Tunapendekeza "mvurugiko wa mapigo ya moyo" iwe istilahi ya jumla. Hata hivyo, mgonjwa hatamwambia daktari kwamba ana mvurugiko. Atasema moyo unampapa, unaruka pigo, au unakwenda mbio bila sababu. Vitenzi hivyo havina budi kuwamo katika maelezo.

Ya tatu inagusa sheria. Kanuni za leseni za Uingereza, ambako wazungumzaji wa Kiswahili nao huendesha magari, humzuia dereva ambaye mvurugiko wa mapigo umempotezea, au waelekea kumpotezea, uwezo wa kulimudu gari. Dereva wa gari dogo au pikipiki aweza kurejea barabarani baada ya chanzo kujulikana na mapigo kudhibitiwa kwa muda usiopungua wiki 4; dereva wa lori au basi hungoja angalau miezi 3, pamoja na masharti mengine. Mfasiri akiandika "ulemavu" mahali pa kule kupotewa na uwezo, dereva mwenye viungo vyote ataisoma kanuni na kuona haimhusu. Yafaa kuandika "kupotewa na uwezo ghafla". Vivyo hivyo, tusichanganye kizunguzungu na kuzirai. Mwenye kizunguzungu angali na fahamu, aliyezirai hana. Fomu ya karani ikiuliza la kwanza tu, aliyezirai juu ya usukani aweza kujibu "hapana" bila kusema uongo.

Ya nne ni "dawa ya kupunguza damu". Kuna aina ya mvurugiko ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikaza barabara. Damu hutuama humo, huganda, na kipande chake kikifika ubongoni huleta kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mgonjwa wa aina hii hufikia takriban mara tano ya mtu asiye nayo. Dawa anayopewa haipunguzi damu hata tone moja. Huzuia isigande upesi. Mgonjwa anayeamini kwamba damu yake inapunguzwa, tena akijiona dhaifu, ataiacha dawa. Tuseme "dawa ya kuzuia damu kuganda". Jina hilo lina faida nyingine: anayeitumia akipata ajali, atakumbuka kuwaambia waganga, kwa kuwa damu yake haitakatika upesi.

Kipimo cha mwisho ni onyo lenyewe. Tungeliandika hivi: "Moyo ukianza kukupapa uendeshapo, punguza mwendo, egesha kando pasipo hatari, uzime injini. Ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi, au ukihisi unataka kuzirai, usijipeleke hospitali kwa gari lako. Omba msaada wa haraka. Na hata hali ikitulia, usirudi kwenye usukani kabla ya kumwona daktari."

Katika onyo hilo hamna istilahi mpya hata moja. Neno "mvurugiko" tumwachie daktari katika cheti chake na karani katika faili lake, maana wao wanahitaji jina moja lisilogongana na lingine. Dereva aliye barabarani aambiwe kwa maneno aliyokuwa nayo kabla ya kuugua.