Barua za Ibo na Wanaozitunza

Karatasi iliyokaa imekunjwa kwa zaidi ya miaka 100 haifunguliwi kwa pupa. Ukiivuta itakatika palepale ilipokunjwa, na mara nyingi mkunjo umepita juu ya jina la mtu au tarehe, mambo ambayo msomaji atayatafuta kwanza. Mhifadhi huiweka kwenye hewa yenye unyevu wa kiasi mpaka nyuzi zilainike, akaifungua pindo kwa pindo kwa kijiti bapa cha mfupa, kisha akaibana kati ya karatasi za kukausha. Siku inaweza kuisha kwa barua moja. Huo ndio mwendo wa kazi hii, nami nauheshimu sana.

Barua ninazozifikiria ni za pwani ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji: Tungi, Quissanga, visiwa vya Kirimba. Ziliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, katika karne ya 19, na nyingi zilipelekwa kwa gavana Mreno aliyekaa Ibo, kisiwa kilichokuwa makao makuu ya wilaya kabla ofisi hazijahamia Porto Amélia, ambayo leo ni Pemba. Masultani na mashehe hawakujifunza Kireno ili wasikilizwe. Serikali ndiyo iliyotafuta wakalimani. Leo mamia ya barua hizo zimo Maputo, katika Arquivo Histórico de Moçambique, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1934, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka zilikoandikwa.

Kabla unyevu haujaikaribia karatasi, mhifadhi hutaka kuujua wino. Wino wa masizi uliochanganywa na gundi ya mti hukaa juu ya karatasi. Jua haliufifishi, lakini tone la maji laweza kuuondoa. Wino wa Kizungu wa zama zile, wenye chuma ndani yake, hupenya, na miaka ikipita huila karatasi mpaka herufi zikaacha matundu. Kwa hiyo wino hujaribiwa kwanza pembeni, kwa unyevu mdogo kabisa, kwenye alama ndogo isiyo sehemu ya neno. Palipochanika huwekwa kiraka cha karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, iliyochaguliwa kwa sababu hubanduka: mhifadhi wa miaka 50 ijayo, akipata njia bora, aiondoe kazi ya leo bila kuacha alama. Ni mafundi wachache wanaoshona huku wakimrahisishia mwingine kufumua.

Vitabu vina taabu yake. Uzi ukioza, kurasa humwagika na kuchanganyika, na kurasa nyingi hazikuandikwa nambari. Lakini waandishi wa kale walikuwa na desturi ya kuweka chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mwenye subira hulishika neno hilo, akatafuta mwenzake katika rundo zima, na kitabu kikarudi katika mpangilio wake.

Kisha kuna kusoma, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Herufi za Kiarabu hazina p, wala v, wala ch. Mwandishi wa zamani aliweza kutumia be hiyohiyo kwa b, p na mb. Fe kwa f na v. Irabu e na i zikagawana alama moja, o na u vivyo hivyo. Neno moja laweza kusomeka kwa njia tatu, na anayeamua ni mtu aliyelelewa katika lugha yenyewe, anayejua Mmwani, mtu wa pwani hiyo, angesemaje. Salamu za mwanzo ni za Kiarabu, ndefu na zenye adabu. Baada ya “ama baadu” ndipo Kiswahili kinapoingia na shida yenyewe kutajwa. Liazzat Bonate aliandika juu ya maandishi haya mwaka 2008, na Chapane Mutiua, mtafiti wa Msumbiji, amezisoma kwa kina barua za watu kama Bwana Shaki bin Abdulatifu wa Quissanga. Msomaji mwaminifu asipokuwa na hakika huandika njia zote mbili alizoziona, akamwachia mwingine nafasi ya kuamua.

Nisingependa tuishie kwenye barua za wakubwa. Daftari la mwenye jahazi, orodha ya waliochangia maulidi, picha ya harusi, hirizi iliyokunjwa ndani ya kitabu: vyote vinastahili boksi safi na maelezo kamili. Picha isiyo na majina hufa haraka kuliko karatasi yake. Ufundi hapa ni kuketi na bibi anayewajua waliomo, kumwuliza nani ni nani na amezaliwa na nani, kumrekodi kwa idhini yake, na kuandika alivyosema yeye.

Kazi hiyo imekuwa ngumu. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia, kwenye pwani hiyohiyo, tarehe 5 Oktoba 2017 viliwatoa watu makwao kwa mamia ya maelfu. Kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019, kiliezua nyumba za Ibo na za pwani iliyo jirani. Palma ikashambuliwa Machi 2021. Mtu anayekimbia usiku akiwa na watoto hawezi kubeba sanduku la vitabu. Lakini kumbukumbu zilizo vichwani zilisafiri na wenyewe, hata zikafika Pemba, na huko zinaweza kurekodiwa sasa, kabla wazee hawajaondoka.

Natamani pia nakala za barua zilizoko Maputo, zilizopigwa picha vizuri, ziwekwe Pemba na Ibo, mahali mwanafunzi anaweza kuingia bila nauli ya ndege. Mtoto wa Kimwani aliyepita madrasa tayari anazijua herufi, na lugha ni jirani ya ile ya nyumbani kwao. Akikaa na mwalimu anayezijua barua hizi, ataanza na salamu, ambazo hazibadiliki sana, na kutoka hapo ataingia kwenye yale yaliyompeleka babu yake kwa gavana.