Msonobari Uliokosa Mnunuzi

Niliukuta nyuma ya kitalu kimoja kando ya barabara ya Kitale kwenda Kiminini, pale viriba vilivyopasuka vinapotupwa. Wenzake waliuzwa msimu wa mvua. Huu ukabaki, mizizi ikatoboa kiriba na kushika ardhi, shina likanenepa kama kidole gumba huku likipinda kufuata jua. Mama mwenye kitalu alinionea huruma. "Mwalimu, huo umeharibika. Chukua huu ulionyooka." Nikashikilia huo huo. Akaung'oa kwa panga, akakataa hata kunitajia bei.

Huku kwetu paini ni mti wa kazi. Huu wa sindano ndefu zinazoning'inia kama nywele zilizolowa asili yake ni Mexico, na haukuletwa nyanda hizi ili utazamwe. Uliletwa utoe mbao na karatasi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi miaka ya 1970 na kusimama mwaka 2009, kilimeza misonobari ya Turbo lori baada ya lori. Kwa hiyo mjomba wangu wa Bungoma, mtu aliyezoea kupima mti kwa futi, alipouona wangu ndani ya karai aliuliza swali la haki kabisa: "Sasa huu utatoa ubao lini?"

"Hautatoa, mjomba."

"Kivuli?"

"Wala kivuli."

Akalizungusha karai mara moja, kisha akaniuliza kama shuleni bado wananilipa.

Wajapani waliupokea ufundi huu wa kukuza mti mdogo chunguni kutoka kwa Wachina, wakauita bonsai. Wengi hudhani ipo mbegu maalumu ya miti mifupi. Haipo. Ni mti ule ule wa msituni, ila umekutana na mtu asiye na haraka. Huko Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani unaotunzwa chunguni tangu 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, kama kilomita 3 kutoka bomu lilipolipuka, ukasalimika nyuma ya ukuta wa bustani. Familia ya Yamaki iliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, na kisa chake cha Hiroshima hakikujulikana kwa waliopewa hadi 2001.

Wangu wa kwanza haukumaliza hata mwaka. Siku moja niliupogoa, na siku hiyo hiyo nikaiosha mizizi mpaka ikang'aa, nikajiona fundi. Kumbe ule ukungu mweupe niliousugua ndio mshirika wa mizizi, unaoisaidia kunyonya maji na chakula; wenye vitalu huchota udongo wa chini ya misonobari mikubwa na kuuchanganya kwenye viriba kwa sababu hiyo. Tena msonobari haufi mbele ya macho. Sindano hubaki kijani majuma kadhaa baada ya uhai kutoka, kama matawi tunayopambia nyumba wakati wa Krismasi. Karibu mwezi mzima nilimwagilia maiti.

Huu wa pili, wa kule kitaluni, sikuukaribia na mkasi kwa siku tatu. Niliuweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikavuta kigoda, nikatazama. Kwa kijiko nilifukua udongo wa juu mpaka nikaona mizizi inapotawanyika, maana pale ndipo mti unapoanza kusimama, na ndipo unapojua uso wake uko upande gani. Matawi ya paini hutoka kwa duara, manne au matano mahali pamoja. Ukiyaacha yote, shina huvimba hapo kama goti. Lazima uchague. Na huu si mkaratusi, ambao ukiukata hadi kisiki unarudi na vichipukizi kumi. Tawi la paini ukilipokonya sindano zote, usitarajie lichipue tena kwenye ule mti mtupu. Kila ulichokata umekata. Sijui ufundi mwingine wa mikono unaokudai macho mengi na kazi kidogo namna hii.

Halafu waya. Nilichuna wa shaba kutoka kebo kuukuu, unene wake kama theluthi ya tawi, nikauzungusha kwa mshazari kuanzia shinani, usilegee wala usibane. Wapenda kusema samaki mkunje angali mbichi sidhani kama wamewahi kukunja kitu kibichi. Nilipolisukuma tawi chini kwa vidole gumba lilitoa mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa ndani ya mfuko. Nikaganda. Utomvu ukatoka tone moja, wenye harufu ya duka la mbao. Nililiacha hapo hapo lilipofika, nikaenda kunywa chai.

Likizo niliuchukua hadi Bungoma, ambako ni chini kwa mita 500 hivi kuliko Kitale na joto hukausha chungu mapema. Nililala, alfajiri nikamkuta mjomba uani na birika mkononi, akimwaga maji kidogo kidogo pembeni ya shina. Hakuna aliyemtuma.

Wiki iliyopita alipiga simu. Hakuuliza habari za watoto. Alitaka kujua kama waya umetolewa kabla haujala gome. Nilimwambia nimeutoa Jumapili, tawi limekaa, ila limejiinua kidogo.

"Lifunge tena," akasema.

Nimelifunga tena.