Mhitimu Anayerudi

Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, mahali palipokuwa na chuo cha mitambo ya kilimo. Kampasi yake nyingine iko Nagongera, wilayani Tororo. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, kipo Chuo Kikuu cha Alupe, kilicholelewa na Chuo Kikuu cha Moi hadi kilipopata hati ya kujitegemea mwaka 2022. Ni vyuo vichanga. Makerere imekuwapo tangu 1922, na babu anaweza kumsimulia mjukuu mambo ya bweni walilolala wote wawili. Huku kwetu masimulizi hayo ndiyo kwanza yanaanza, na wanaoyaanzisha ni wahitimu wanaorudi jioni au Jumamosi kukaa na wadogo zao, bila mshahara wala posho. Kazi yao naiheshimu kama ninavyoheshimu kazi ya fundi yeyote hodari.

Marekani kazi hii ina mila ndefu. Wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walipounda Alpha Phi Alpha, chama chenye jina la herufi za Kigiriki, mwaka 1906, walitafuta undugu wa kusaidiana katika chuo ambako walikuwa wachache mno. Hata baada ya kuhitimu hawakutawanyika. Waliunda matawi ya wahitimu na kuendelea kuwashika mkono waliokuwa nyuma yao. Undugu wetu hauna herufi za Kigiriki. Uko katika vyama vya wanafunzi: cha waliotoka wilaya au kaunti moja, cha Wakristo, cha Waislamu, cha wahandisi watarajiwa. Na kwa kuwa Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, wanachama wawili wanaweza kuwa na vitambulisho vya nchi mbili na bibi mmoja.

Ufundi wa kwanza wa mlezi, yaani mhitimu anayerudi, huonekana kwenye daftari la mweka hazina wa chama. Michango imeingia kwa M-Pesa kutoka Kenya na kwa MTN kutoka Uganda, shilingi mbili zisizolingana thamani, na pengine fedha zote zimekaa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Mlezi asiyejua kazi atanyakua kalamu na kusahihisha hesabu. Mlezi fundi huweka kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza, "Hizi soda, risiti yake iko wapi?" Kisha hunyamaza. Kijana anapekua mifuko, anapekua simu, anamtazama mwenyekiti, na mwishowe anasema mwenyewe kwamba kuanzia leo kila shilingi itaandikwa kwa sarafu iliyoingia nayo, siku ileile, na kwamba chama kifungue akaunti ya watu watatu kutia sahihi. Angeambiwa hayo, angeyasahau kabla ya mtihani. Kwa kuwa ameyasema yeye mbele ya wenzake, atayasimamia.

Ufundi wa pili ni kumtambua anayezama kimyakimya. Yupo yule wa mwaka wa kwanza ambaye ameacha kuja mikutanoni kwa sababu karo imekwama na anaona haya. Mlezi hamtangazi, wala hakimbilii kutoa noti mfukoni, maana noti huisha na haya hubaki. Humwambia, "Kesho saa tatu nikukute langoni, mdogo wangu," wakaenda pamoja ofisi ya wanafunzi, wakauliza juu ya kulipa kwa awamu na juu ya mkopo wa serikali. Kijana anajifunza kwamba ofisi ni mlango wa kugongwa.

Ufundi wa tatu ndio mgumu kuliko yote: kutokifanya chama kuwa mali yako. Mhitimu mwenye kazi nzuri mjini hupewa kiti cha mbele na soda ya kwanza, na vijana wako tayari kuitikia lolote asemalo. Wanasiasa wanalijua hilo, na msimu wa kampeni huja na fulana za bure. Mlezi wa kweli hukaa safu ya nyuma. Uchaguzi wa viongozi ukifika hana mgombea. Makabidhiano yakifika huhakikisha muhuri, daftari na kumbukumbu za mikutano vimepita mkono kwa mkono mbele ya wote, kisha anaondoka kabla ya hotuba kumtaja.

Vyuo hivi vitajengewa maktaba na maabara kwa fedha za serikali. Mila havitajengewa na bajeti yoyote. Mila huletwa na watu wanaorudi. Nawe uliyehitimu juzi na kupata kazi ya uwakala wa forodha mpakani, au ualimu Tororo, chama chako cha zamani kinakutana muhula huu. Nauli ya boda unayo. Nenda, ukae nyuma, uulize swali moja zuri, na muhula ujao urudi tena.