Sanamu Isiyo na Majina

Katika Barabara ya Kenyatta, Nairobi, wamesimama wanaume watatu wa shaba. Waliwekwa hapo mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wengi huwapita wakikimbilia basi.

Msanii James Alexander Stevenson alitenda jambo jema: pamoja na askari alimweka mpagazi, asiye na bunduki. Wapagazi walibeba mizigo ya jeshi, na magonjwa na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Mtaa wa Kariokor umebaki na jina la kikosi chao.

Lakini maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanamwahidi anayekufa vitani kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, na hapo hapo hakuna jina hata moja la aliyekufa. Ndipo kazi hii inapopungukiwa. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina, mmoja mmoja.

Basi, ndugu msomaji, ukipita pale simama kidogo. Kisha urudipo nyumbani muulize mzee: katika ukoo wetu, nani alikwenda asirudi? Jina utakalopewa, litaje katika sala.