"Chakula cha Mmea": Istilahi Inayopotosha

Sheria ya shirikisho ya Kanada huruhusu mibangi minne kwa kaya tangu mwaka 2018, na maandishi ya ukuzaji wa ndani ni mengi. Mfasiri aitaye nitrojeni, fosforasi na potasiamu "chakula cha mmea" hupotosha. Chakula hutengenezwa majanini kwa usanisinuru. Madini hayo ni virutubisho. Msomaji, aonapo mmea umedumaa chini ya taa hafifu, ataongeza "chakula", na chumvi iliyozidi itaunguza mizizi.

"Mwanga" nalo, likiwa peke yake, halitoshi. Mbangi wa kawaida huchochewa kuchanua na giza la saa 12 hivi mfululizo, si na ukali wa taa. Hatuna budi kutenga "ukali wa mwanga" na "muda wa mwanga". "Mbolea", neno kongwe lisilo na kosa, libaki kwa kinachouzwa dukani.