Keki ya Decher na iyoni zilizofutwa

Siku moja nilichora kwenye ubao, mbele ya wadogo wa promosheni ya chini, filimu ya polimeri zenye chaji: mstari mwekundu, mstari wa bluu, mwekundu, bluu, sawa keki. Mdogo moja akauliza: « Kaka, hiyo nyekundu inakatazwa na nani kuingia mu bluu? » Nikajibu kwamba chaji tofauti zinavutana, basi zinashikana na yote inabaki mahali pake. Jibu lilipita. Lakini lilikuwa baya, njo maana nilirudia kusoma makala mbili ambazo watu wanapenda kutaja kuliko kusoma.

Ya kwanza ni ya Gero Decher, katika Science, mwaka 1997. Njia yake ni rahisi: unachovya kioo katika maji yenye polimeri ya chaji chanya, unasuuza, unachovya katika polimeri ya chaji hasi, unasuuza, unarudilia. Kila mara chaji ya uso inageuka, ju ya hiyo tabaka linalofuata linakubali kukaa.

Wako watu wanamlaumu Decher ju ya ile keki. Mimi hapana. Kichwa cha makala chenyewe kinasema miundo hii iko na ukungu, haina mipaka mikali, na vipimo vya nyutroni vinaonyesha kila tabaka linaingia katika jirani zake. Hata maelezo ya mchoro wake yanakiri kwamba umerahisishwa. Kosa ninaloliona mimi ni dogo na limejificha: iyoni ndogo, zile za chumvi zinazofuatana na polimeri, hazikuchorwa ili picha isijae. Kumbe ukifuta zile iyoni, umefuta njia ambamo mnyororo unatembea.

Sisi watu wa agronomia ndio tulipaswa kuliona hilo kwanza. Potasiumu inashikwa na chaji hasi za udongo wa mfinyanzi, lakini nani kati yetu anaamini kwamba imefungwa pale milele? Iyoni ingine inakuja, inachukua nafasi, potasiumu inaondoka, mmea unakula. Tunaita hiyo kubadilishana kwa kationi na tunaiandika katika kila egzame ya udongo. Mnyororo wa polimeri unafanya vilevile, ila wenyewe umeshikwa sehemu nyingi kwa mara moja. Hauwezi kuachilia zote. Iyoni ya chumvi inachukua nafasi sehemu moja, pale panalegea, pale panashika jirani mpya, kisha pengine. Inatambaa. Ongeza chumvi, kutambaa kunaongezeka. Zidisha sana, ziko filimu zinayeyuka kabisa.

Makala ya pili ni ya Catherine Picart na wenzake, katika PNAS, 2002, wengi wao wa Strasbourg, mji uleule Decher alikuwa anafanyia kazi. Hii njo naipenda zaidi, ju inaanza na jambo lisilokaa sawa. Filimu zao za polilisini na asidi ya hialuroni hazikukua hatua kwa hatua. Kila mzunguko uliongeza unene kuliko mzunguko uliopita. Keki haiwezi kufanya vile. Basi wakatia rangi ya kung'aa kwenye polimeri moja, kisha kwenye ingine, wakaangalia filimu kwa mikroskopi ya konfokali. Hialuroni ilibaki mstari mahali ilipowekwa. Polilisini ilijaza unene wote, toka juu mpaka chini.

Maelezo yao yanashika: filimu ni ghala. Polilisini inaingia ndani, nyingine inabaki huru hata kisha kusuuza. Hialuroni ikifika, ile ya huru inapanda kukutana nayo kwa juu na kujenga tabaka jipya. Filimu ikiwa nene zaidi, ghala ni kubwa zaidi, na tabaka linalofuata pia.

Bado niko na malalamiko mawili. Rangi waliyotia kwenye polilisini inajifunga kwenye amini, yaani palepale penye chaji chanya. Kila molekuli ya rangi inapunguza kamba moja ya kumshikilia msafiri tunayemfuata. Tena, mwanga hauwezi kutenganisha tabaka za nanometa chache. Kwa filimu yao ya mikrometa hakuna shida, lakini usibebe matokeo haya mpaka kwenye filimu nyembamba za polistireni yenye sulfonati, ambazo zinakua kwa hatua sawasawa. Kule ni nyutroni ndizo zinaona.

Kwa nini ninasumbuka na hii? Ju miradi ya kufunika mbegu ao mbolea kwa tabaka za polimeri inaandikwa sana na sisi vijana, na wengi wanachora keki halafu wanaihesabu kama ukuta. Maji ya udongo yako na kalsiyumu, potasiumu, na mbolea yenyewe ni chumvi. Mwenye kuweka ukuta wa vile mu mradi wake, mimi ningemuuliza kwanza aliupima katika maji gani. Kama ni maji safi ya labo, hajapima kitu.

Yule mdogo nimemtumia mchoro mpya. Mistari imeingiliana, nukta za chumvi zimejaa kila mahali, haupendezi hata. Amejibu kwamba sasa haoni tabaka ziko wapi.