Lema, juya na ringi: nani humfuata nani?

Gati la Liwatoni na Bandari ya Kale ziko kwenye kisiwa kimoja cha Mombasa. La kwanza limeelekea Kilindini na lilikusudiwa meli za jodari. Ya pili bado hupokea mashua na mitumbwi. Katika takwimu za FAO samaki wa sehemu zote mbili wamo fungu moja, la takriban tani milioni 91 za wanyama wa majini waliovuliwa duniani mwaka 2022. Maofisa wa uvuvi nao huugawa uvuvi kwa ukubwa: wavuvi wadogo huku, meli za viwanda kule. Kigezo hicho chafaa kutozea leseni, lakini hakielezi kinachotendeka majini. Mimi huanza kwa kuuliza nani anayesafiri: samaki anakifuata chombo, au chombo kinamfuata samaki?

Lema, mtego wa samaki, ni bingwa wa kungoja. Husukwa kwa fito za mianzi zilizopasuliwa, macho yake yakawa na pembe sita, kisha hutiwa mawe lisichukuliwe na mkondo. Hulazwa penye majani ya bahari au pembezoni mwa matumbawe, ndani mkiwa na chambo cha mwani au kaa waliopondwa. Ujanja wote uko mlangoni: nje mpana, ndani mwembamba, na ncha za fito zimeelekea ndani. Samaki aliyeingia huzunguka akiambaa kuta, ilhali tundu la kutokea limejitokeza mbali na ukuta, basi hulipita na kulipita tena. Anayevuliwa hivyo ni tafi, pono na changu, samaki wakaao karibu na chini. Kibua apitaye juu kwa makundi hana habari na lema.

Uzio nao hutegemea mwezi. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na samaki huja na maji kutafuta chakula kwenye kina kifupi. Maji yakitoka, wanakuta ukuta wa fito umewakatia njia. Wanaufuata hadi chumbani, na mwenyewe anakuja kuwatoa kwa miguu. Hakuna petroli hapo. Ila siku za maji mafu uzio hauna kazi kubwa, na ndiyo maana wengi hawautegemei peke yake.

Mshipi hauhitaji maelezo marefu. Jarife lahitaji. Ni wavu wa macho makubwa, huachwa usiku uelee na mkondo, ukangoja nguru, papa na jodari. Jicho la wavu ndilo linalochagua: mdogo anapenya, mwenye kichwa kinachoingia na mwili usiopita ananaswa kwa mashavu. Ajabu ni kwamba chombo hiki cha kungoja huua pia kasa na pomboo, ambao hawana mashavu ya kunasia ila wanahitaji kupanda juu kuvuta pumzi. Kwa hiyo kungoja si sawa na kutodhuru.

Kwenye juya mambo hugeuka. Wavu huzungushwa, kisha kundi la watu linauvuta hadi ufukweni, na chini yake unakwangua majani ya bahari, ambamo samaki wachanga hulelewa. Jicho lake dogo halichagui. Kenya ililipiga marufuku juya mwaka 2001, lakini halijatoweka, na sababu mojawapo iko jikoni. Mama karanga anayekaanga samaki wa bei nafuu anataka wale wadogo; anayewala ni mtu asiyeweza kumnunua nguru. Marufuku isiyomhesabu mama karanga imeandikwa nusu.

Ringi, iliyoenea kusini mwa pwani ya Kenya pamoja na wavuvi kutoka Pemba, hulifuata kundi la samaki wa juu: linaonekana, linazungukwa, wavu unafungwa chini. Ikuze hesabu hiyo na utapata meli za jodari zinazotia nanga Victoria, Shelisheli, zenye nyavu zinazozidi kilomita moja na nusu. Hizo hazisubiri jicho la nahodha. Huacha maboya yenye vipimasauti yanayotuma habari kwa setilaiti, samaki wakusanyike chini yake, kisha meli ije. Hapo kungoja na kufukuza vimeunganishwa, na ndiyo nguvu ya meli hizo. Meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Ungwana hazina ujanja huo: hulima sakafu ya bahari. Zilisimamishwa 2006 na kurudi 2011 chini ya mpango wa usimamizi, baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo waliokatiwa nyavu zao.

Turudi kwenye lema, maana nalo lina dosari: macho yake yakiwa madogo humzuia hata kifaranga. Watafiti Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walijaribu kulitobolea pengo jembamba la wima, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo: samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei walitoka, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi kikapanda. Pengo lenyewe halina gharama kubwa kwa msukaji. Lakini wanaotoka humo ni wale wale wadogo wanaongojwa na mama karanga, na kama faida ya mvuvi haitashusha bei ya kitoweo, yeye atawatafuta kwa mwenye juya.